Mivuleni Haikuwa ya Baba

Mivuleni, Morogoro
Juni 12

Kwako Kaka Hatibu,

Shikamoo. Natumai u mzima, pamoja na wifi Shakila na watoto. Huku hatujambo, ila magoti ya Mama yalikuwa yakimsumbua kila ukungu uliposhuka mlimani. Haya ningeyasema kwa mdomo, lakini tangu Idi hupokei simu zangu, kwa hiyo utayasoma.

Kijitabu chako cha historia ya mtaa kimefika. Mwenyekiti amegawa nakala kila nyumba, na majirani wananipongeza kwa kuwa na kaka msomi. Nimekisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika. Umeandika vizuri habari za Wajerumani waliopanda mijakaranda kando ya barabara, na za mabwana wakubwa waliokuja huku kufuata upepo wa mlima na maji ya kijito. Mivule nayo umeisifia ukurasa mzima. Halafu ukaandika kwamba kabla yao palikuwa pori lisilo na mwenyewe, na kwamba baba yetu ndiye aliyefyeka upande wa juu, lilipo shamba letu.

Pori la nani, kaka? Baba alitoka Dakawa na mwiko wake wa uashi na begi moja. Alimwoa Mama, wakaishi kwanza kwao Baba kulekule Dakawa miaka miwili, maisha yakawashinda, ndipo ukoo wa Mama ukawakaribisha hapa. Bibi zake Mama wamelala chini ya mivule hiyohiyo, lakini makaburi yao hukuyaona. Mtoto yeyote wa Kiluguru anajua kuwa ardhi yetu hufuata upande wa mama.

Nilidhani umesahau tu. Kumbe wiki iliyofuata akaja tajiri mmoja na mpima ardhi, kijitabu chako mkononi, wakiulizia shamba la marehemu mzee Said. Alisema mmeshakubaliana, anajenga hoteli, na mivule itakatwa kupisha maegesho ya magari. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Aliniuliza wale wageni ni nani.

Nikampigia Mjomba Mwinjuma, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, akaitisha kikao. Watu walikuja mpaka kutoka Mlali. Unajua walifanya nini? Walikutetea. Mjomba alisema kosa lako ni la kalamu tu, kwamba wewe ni mtoto wa dada yake kama mimi, na sehemu yako huwezi kunyimwa. Niliona unashinda bila hata kujisumbua kupanda basi. Hasira zikanipanda.

Sasa soma taratibu. Nilisimama mbele ya ukoo nikasema kwamba Mama hakukuzaa. Mama yako alikuwa mwanamke mwingine wa Baba kule Dakawa, akafariki ulipokuwa na siku tisa. Wiki hiyohiyo Mama alikuwa amemzika mwanawe wa kwanza, akakuchukua akakunyonyesha, na waliporudi huku hakuna aliyeuliza. Aliniambia mwaka ule alipolazwa, akaniapisha nisimwambie mtu. Nimekivunja kiapo mbele ya watu thelathini, naye amekaa mkekani ananitazama.

Mjomba alimuuliza kama ni kweli. Mama alikaa kimya, na kimya chake kikawatosha. Ikaamuliwa kwamba huna sehemu hapa na huna cha kumuuzia mtu. Mpima ardhi ameshang'oa vigingi vyake. Ardhi imebaki kwangu na wanangu, kama nilivyotaka.

Kesho yake asubuhi Mama alifunga nguo zake kwenye kanga akaondoka na Mjomba kwenda Mlali. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba kama ardhi hii haina nafasi ya mwanawe Hatibu, basi hata yeye hana nafasi hapa, na siku akifa nisithubutu kumzika hapa.

Bado nina hasira na wewe, na kijitabu chako nimekichoma. Lakini nenda Mlali ukamwone. Mimi amekataa kuniona.

Nisalimie wifi na watoto, hao hawana kosa.

Mdogo wako, kama bado utakubali kuniita hivyo,

Mwanvita Said