Fundi Aliyeachwa Mlangoni

Mpumudde, Jinja
4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu. Magoti yanasemaje na mvua hii? Sisi wazima. Watoto wanakula kuliko wanavyosoma, na kantini yangu inakwenda.

Baada ya hayo, mama, nina uchungu. Nauandika kwa sababu kwenye simu tukianza tu, unakata.

Jumamosi mume wangu Mukama alifunga karakana siku yenye wateja wengi, akabeba vifaa kilo kumi na nane, akakaa kwenye basi saa tatu hadi Mbale kuja kutazama friji yako. Akapiga hodi. Wewe ukatoka mlango wa nyuma, ukakimbilia kwa jirani yako Hajarah, ukakaa huko mpaka akaondoka. Dakika arobaini amesimama mlangoni, mama! Hata maji hakupewa. Aliisikiliza friji kutoka pale pale: inalia “tik”, inanyamaza. “Tik”, inanyamaza. Nilipomuuliza ulimpokeaje akasema, “Mama ana shughuli,” akaenda kuoga.

Leo Jimmy wa lori la mikate, ndiye aliyenisimulia ulivyotoroka, ananiletea ujumbe kwamba unataka friji mpya. Nimepiga hesabu. Mpya ya ukubwa ule ni milioni moja na laki mbili. Kile kidude cha kuamsha mota, ambacho Mukama anaamini ndicho kimekufa, ni elfu arobaini. Mara thelathini! Mimi nilianza na trei moja ya mayai ya kuchemsha stendi, hakuna aliyenishika mkono. Sitoi pesa hiyo ili tu mume wangu asiguse chombo chako. Miaka sita sasa unamwita “yule wa Budondo”, kwa kijiji chao, si kwa jina. Kama humtaki, sema.

Mwanao,
Brigid

Industrial, Mbale
19 Machi 2024

Binti yangu Brigid,

Salamu nyingi. Magoti bado ni yangu, hakuna aliyekuja kuyaiba. Wajukuu washike vichwa kwa niaba yangu.

Barua yako imelala chini ya mto wangu siku kumi na tatu. Niliogopa kuijibu kwa hasira. Sasa kaa chini unisikilize.

Unajua kuhesabu kila kitu, lakini umekulia bweni, na hili moja bweni halikukufundisha. Mama hakai chumba kimoja na mume wa binti yake. Hampi mkono, hamtazami usoni, na yeye hatii mguu jikoni mwa mama. Akija huku, mimi napita kule. Hiyo ndiyo heshima kwetu Bungoma, na kwao Busoga ni hivyo hivyo. Muulize.

Miaka hiyo sita nilikuwa nampa mkono, si kweli? Nampakulia mwenyewe, namtania. Wewe ukafurahi, ukadhani nimempokea. Nilikuwa nampokea kama kijana yeyote uliyefuatana naye. Siku ile nikachungulia dirishani, nikaona mtu mzima amelowa chapachapa, amebeba vyuma kwa ajili ya maziwa ninayowauzia watu wa viwandani. Miguu ilikimbia kabla sijaamua. Nilipofika uani kwa Hajarah, akaniuliza, “Mama Brigid, unamkimbia nani, polisi?” Nikasema sijui. Akasema, “Mimi najua. Unamkimbia mkwe.” Tukacheka mpaka nikalia.

Friji mpya nimeitaka kwa sababu inaletwa na wachukuzi, inachomekwa, basi. Hii ya zamani inataka fundi jikoni, na fundi ndiye mkwe. Kuita fundi mwingine siwezi, nitakuwa nimemtukana mkwe. Maziwa yanaharibika, nimekwama. Haya, hiyo nayo ipigie hesabu.

Mama yako

Mpumudde, Jinja
24 Machi 2024

Mama yangu,

Umeamkaje? Nakuamkia kwa magoti yote mawili, maana nimekukosea.

Nilimuuliza Mukama. Akasema, “Nilijua. Nilirudi na basi nacheka peke yangu kama mwehu.” Nikamwambia, mbona hukuniambia? “Ungenisikia saa ngapi? Ulikuwa unapiga hesabu.”

Nimepiga nyingine. Friji ina upana wa sentimita sitini, mlango wako wa jikoni sabini na tano. Inapita. Jumamosi mwambie Maxwell wa duka la saruji aje na wenzake waitoe barazani. Wewe kaa kwa Hajarah, nyuma ya ukuta. Mukama anasema sauti hazina tatizo.

Ule mstari wa mwisho wa barua yangu ya kwanza ukate kwa kalamu.

Brigid wako

Industrial, Mbale
2 Aprili 2024

Binti yangu,

Hamjambo nyote? Mimi leo nimeuza maziwa baridi pakiti hamsini na nne. Umeona? Hata mimi nahesabu.

Mkwe alikuja. Mimi nyuma ya ukuta na kiti changu.

“Mama, hii friji ina miaka mingapi?”

“Kumi na moja! Mbona unauliza kama daktari?”

“Na nani amechokonoa barafu kwa kisu?”

Nikafunga upya kitambaa changu cha kichwani. Hajarah, msaliti yule, akapaza sauti: “Ni yeye! Kila Jumatatu!”

“Mama, kisu kingezama kidogo tu kingetoboa bomba, na hapo mimi mwenyewe ningesema nunua mpya.”

Nikaapa kwa ukuta ule kwamba kisu basi. Alipomaliza, friji ikanguruma, haikunyamaza. Nikauliza, “Fundi, nikulipe nini?” Akasema, “Mama, mkwe analipwa chakula.”

Neno “mkwe” alilitamka mwenyewe, Brigid. Nami nikaitika. Hajarah akampelekea malewa, yale machipukizi ya mwanzi, niliyopika kwa karanga, nikasikia kijiko kikikwangua chini ya sahani.

Mama yako

Industrial, Mbale
29 Aprili 2024

Brigid,

Salamu. Friji imezima tena, hapo barazani nilipoiacha. Mwambie mkwe wangu aje Jumamosi. Asile njiani.

Mama

Mpumudde, Jinja
6 Mei 2024

Mama mpendwa,

Natumaini umelala vizuri na magoti yametulia. Sisi tuko salama, na Mukama amerudi salama, ila mkanda wake umesogea tundu moja.

Ameniambia alichokikuta. Kile kidude ni kizima, mota ni nzima. Waya wa friji ulikuwa umechomolewa ukutani, umekunjwa vizuri, umefungwa kwa kitambaa chako cha kichwani cha bluu. Akauchomeka. Kisha, ili usione haya nyuma ya ukuta wako, akagongagonga spana saa nzima, akala sahani tatu.

Kwa hiyo nakuandikia taarifa rasmi ya fundi. Anasema ubovu ni mkubwa, haumalizwi kwa siku moja. Itabidi awe anakuja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nimemuuliza hadi lini, akasema kwa friji ya aina hii, hakuna ajuaye.

Nauli nitalipa mimi. Sijaipigia hesabu.

Mwanao,
Brigid