Mke Yeyote

Baba Kifaranga,

Hatujambo, ila uchovu. Binti yako ameota jino la tatu na analijaribia kwenye waya wa kompyuta yangu.

Darasani tunajenga maktaba ya programu ambazo mafundi wengine watachukua na kutumia. Niliandika moja ya kupanga namba kuanzia ndogo hadi kubwa, nyingine majina, ya tatu tarehe. Mwalimu akacheka: "Mama, kila nguo na beseni lake? Andika moja ipokee kitu chochote." Nikaandika, nikaipa picha, ikagoma.

"Picha ipi ni kubwa kuliko ipi?" akaniuliza. "Ukisema chochote, weka na sharti: kiwe kinalinganishika."

Sasa barua yako. Unasema mke yeyote mwenye adabu angeacha kozi, akakae kwa mama yako mpaka urudi. Mume wangu, hata yeyote ana sharti lake. Langu ni kwamba namaliza kwanza. Mtihani ni Jumatatu, na dada wa jirani atanishikia mtoto. Mama nampenda, nitakwenda kumwamkia nikiwa na cheti. Ukinuna, nuna ukiwa umekula.

Nakupenda, na sihami.

Mama Kifaranga