Ndege wa Kwenye Ulezi

Kilolo

Mjukuu wangu Upendo,

Kamwene. Huku baridi imetubana, lakini tuko wazima. Goti la babu yako limepata nafuu, na mama yako amemaliza kupalilia njegere.

Picha uliyotuma kutoka huko Malaysia unakosoma tumeiona. Ndege mdogo, mgongo wa buluu, kifua cha rangi ya chungwa, ametulia mkononi mwako. Unasema anakula wadudu tu, na kwamba mnamnasa, mnampima, kisha mnamwachia. Ukaniuliza kama mimi nimewahi kumshika ndege.

Nilimshika mmoja. Nilikuwa na miaka tisa, nikiamia ndege, kuwafukuza kwenye ulezi wetu kwa kombeo. Alitua kwenye suke, mdogo, anang'aa kama huyo wako. Sikumchunguza. Jiwe langu lilimpata, nikampeleka kwa mama kwa majigambo.

"Mama, mwizi nimemkomesha!"

Mama akampasua ili atupikie. Ndani ya firigisi hapakuwa na hata punje moja ya ulezi. Walijaa viwavi, walewale waliokuwa wakitumalizia shamba. Mama hakunipiga. Aliniangalia tu, akasema, "Huyu mlikuwa mnalinda naye," akaendelea kuosha kisu.

Nimezeeka, mjukuu wangu, na kiganja hiki bado kinakumbuka joto la yule ndege lilivyokuwa likipungua. Basi siku ukimfungulia mkono ndege mwingine, weka simu pembeni kwanza. Mwangalie mpaka apotee kwenye miti.

Wa kwangu hakuruka tena.

Bibi yako