Nasaba Iliyonywewa

Mpendwa mshauri,

Kwa huzuni na kwa heshima zote nautangazia umma, kuanzia Kibiti mpaka visiwa vya mwisho vya Rufiji, kwamba karatasi yetu imenywewa. Upana wake ulikuwa kiganja kimoja na nusu. Wameinywa watu kumi na mmoja, na wa mwisho akaomba aongezewe.

Naomba msaada wako. Mie ni Sadallah bin Kibwana, fundi wa mashua kama baba na babu, na karatasi hiyo ilikuwa nasaba ya ukoo wetu, majina ya wazee mmoja juu ya mwingine hadi kwa Nabii Nuhu mwenyewe, ambaye naye kazi yake unaijua, na iliandikwa zamani na mwalimu mpita njia ambaye wino wake ulimwagika mtumbwini akaazima zafarani ya bibi yangu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana mwaka jana vita vya Maji Maji vilipowaka kule Umatumbi, na watu wakawa wanapita kwetu kwenda kwa mganga kuchukua maji ya kuzuia risasi, bibi yangu Mwanaheri alisema siye Waislamu tuna kombe letu, aya iliyoandikwa kwa zafarani ikaoshwa na kunywewa, maji ya mtu ya nini, akafungua kikapu, akatoa karatasi yenye maandishi ya zafarani, na kwa kuwa hajui kusoma, na habari za yule mwalimu ameshazisahau, akaona hiyo ni aya, akaiosha kwa maji ndani ya sahani nyeupe kama kombe linavyooshwa, akatunywesha nyumba nzima pamoja na majirani, nami nikanywa, nikalamba na midomo.

Sikujua nimekunywa nini. Mwaka huu nikamposa Mwanabaraka, binti wa Mzee Kondo wa Kibiti, mshenga wangu akajisifu kwamba mie ni mjukuu wa thelathini na kenda wa Nabii Nuhu, Mzee Kondo akafurahi mno, akasema basi nasaba hiyo isomwe mbele ya watu siku ya ndoa, na nisipoileta kabla Shaabani haijaisha binti ataolewa na mkulima mmoja wa Ngorongo. Nikaenda kikapuni. Karatasi nyeupe kama ganda la yai.

"Bibi, maandishi yako wapi?"

"Yale? Si tuliyanywa."

"Bibi, wale walikuwa wazee wetu!"

"Basi tuliwaomba watulinde, wakatulinda. Askari walipita na mpunga haukuchomwa. Ulitaka wakae karatasini wafanye nini?"

Na jirani yetu Bi Tabu, ambaye ndiye aliyeongezewa, kila akiniona husema, "Niamkie kwa adabu, Sadallah. Babu yako wa kumi namlea mie tumboni."

Mshauri, majina saba nayajua kwa moyo, na la Nuhu, lakini katikati pana pengo la wazee thelathini na ushei. Mwanabaraka ameniletea salamu fupi: "Jaza. Nani atakwenda kuwauliza?" Nampenda, nami sitaki aende Ngorongo, basi nimeshajaza kumi na mmoja, na wawili kati yao, nakiri, ni rafiki zangu ninaokata nao mikoko. Nimalizie?

Sadallah bin Kibwana

*

Sadallah, mwanangu, weka kalamu chini.

Pole. Nimecheka kwanza, kisha nikakuonea huruma, na sasa nitakugombeza. Mshenga alipomtaja Nabii wa Mungu kwenye posa kama mtu anayetaja shamba la minazi, wewe ulikuwa wapi? Ulikaa pale pale mkekani ukitazama vidole vya miguu, ukiona raha. Na bibi yako usimnunie. Vijana waliokwenda kwa yule mganga wengi hawakurudi kwa mama zao. Yeye alikuweka nyumbani kwa sahani moja ya maji ya zafarani, leo uko hai unatafuta mke.

Unasema hakuna wa kuwauliza wale wazee. Ya nini kuwauliza wao? Watu kumi na mmoja wanajua nasaba ilikwenda wapi, na Bi Tabu ni mmoja wao. Unadhani atakula pilau ya harusi yako, asikie jina la rafiki yako mkata mikoko likisomwa kuwa mzee wa ukoo, kisha anyamaze? Atacheka mpaka Kibiti nzima ijue, na aibu hiyo itamkuta Mwanabaraka akiwa ameshavaa hina.

Basi choma hiyo karatasi mpya leo. Ijumaa baada ya sala nenda kwa Mzee Kondo. Mshenga mwache nyumbani, mchukue bibi, na kisa cha kombe akisimulie mwenyewe, wewe usimkatize. Akimaliza, taja majina yako saba, hao ambao makaburi yao unayapalilia, kisha sema, "Mzee, hapa ndipo ninapojua." Akinuna, mwache anune mpaka kahawa iletwe. Mwambie Mwanabaraka naye aache kutuma salamu za namna ile, ingawa akili yake nimeipenda, na ukikubaliwa usichelewe kumwoa.

Na kama mzee atashikilia kwamba haozeshi binti yake kwa mtu asiye na hakika ya kuwa wa kizazi cha Nuhu, usibishane naye. Mkumbushe kwa adabu, kama mkwe anavyomkumbusha mkwewe, kwamba kulikuwa na gharika. Baada yake, watu wote wamezaliwa na Nuhu.