Kigoda cha Danieli

Kifungilo, 4 Juni 2023

Mwanangu Janeth,

Hujambo na watoto huko Morogoro? Sisi tunamshukuru Mungu, isipokuwa hiki kifua. Nakuandikia kwa kuwa simu inanimaliza pumzi, maneno matatu tu nakaa chini. Daktari kasema mapafu yameharibika, hayaponi ila yanatunzwa. Si kifua kikuu, mwambie na mume wako. Kanipa dawa ya kuvuta, kanielekeza kwenye kikundi cha wagonjwa wa kifua, kila Alhamisi zahanati. Siendi kukohoa mbele za watu.

Jambo jingine, usinicheke. Baba yako bado anakohoa jikoni. Ukungu ukishuka asubuhi, namsikia. Ni baridi, maskini. Ndiyo maana sijazima moto tangu tumzike, na kigoda chake kiko palepale mafigani.

Mama yako

Morogoro, 20 Juni

Shikamoo mama,

Sisi wazima, sijui wewe. Sicheki, naogopa. Baba ana miaka miwili kaburini, huo moto unaomkokea unakula mapafu yako. Nenda Alhamisi moja tu, kwa ajili yangu.

Mwanao

Morogoro, 2 Agosti

Shikamoo mama,

Wiki sita kimya, na simu hupokei. Umeniudhi? Niandikie hata mstari mmoja.

Mwanao Janeth

Kifungilo, 18 Agosti

Marahaba mwanangu,

Hujaniudhi. Nililazwa siku tisa, nikamkataza jirani yetu Mika asikuambie. Nilipopata nguvu akanishika mkono hadi zahanati, kwenye kile kikundi cha Alhamisi. Tulikuwa kumi na mmoja. Mwanahamisi anayeuza karoti sokoni alinifundisha kutoa pumzi polepole kama ninayepoza uji, huku akinihesabia. Hakuna aliyenishangaa.

Kisha mzee Idrisa, yule aliyepasua mbao na baba yako, akavuta kiti. "Karibu mama Janeth. Hapa ndipo alipokaa Danieli."

Kumbe baba yako alikuja hapo mwaka mzima! Mimi aliniaga anakwenda kupalilia maharage. Nami nilimwita mvivu kwa kupumzika kila kona ya mlima.

Nikauliza mbona alinificha. Idrisa akainama. "Alisema, 'Moshi wa jikoni unanikaba. Lakini mke wangu anapenda tukae wote motoni, sitaki ajue, wala sitaki kumuumiza kwa kuondoka.'"

Nililia mbele yao wote, Janeth. Nilimvuta kwenye ule moshi kwa mapenzi, na alipokufa nikaendelea kumwitia humo humo. Najuta sana.

Jana nimezima moto. Mika ananijengea jiko nje, paa tupu bila kuta. Kigoda nimekipeleka ukingoni mwa shamba la maharage, penye upepo.

Asubuhi hii nimemsikia tena, ila huko mbali, shambani. Nilitaka kumwita ndani, baridi ilikuwa kali. Nikamwacha huko penye upepo. Nikahesabu pumzi zangu kama nilivyofundishwa, naye akakohoa mara mbili, akatulia.

Alhamisi nakwenda tena. Kiti ni kile kile.

Mama yako