Kioo Kilichopitisha Stima

Mwalimu Barasa,

Ni mimi, Madam Nasimiyu. Siku hizi nafundisha Kitale, nakaa mtaa wa Tuwan. Bungoma ilinishinda. Kila nikiingia maabara yetu nilikuwa nakusikia ukiburuta stuli.

Nilikucheka, unakumbuka? "Ati kioo kinapitisha stima? Si tunafundisha kwamba hakipitishi, bana?" Ukasema, "Kikiwa baridi, madam. Kipashe moto uone." Ukafunga nyaya mbili kwenye kijiti cha kioo, ukaunganisha balbu na stima ya ukutani, ukawasha gesi. Kioo kilipokuwa chekundu, balbu ikawaka. Ukanieleza kwamba ni magadi yanayochanganywa na mchanga kiwandani. Sodiamu iliyomo hulegea kwa joto, ikatembea na kubeba stima.

Wiki iliyofuata tulirudia mbele ya Form Three. Mimi ndiye niliyeshika moto, na niliusogeza hadi karibu na stendi ya chuma iliyobana kioo. Ukauliza, "Stendi iko salama?" Nikajibu, "Shika tu, kuna kioo katikati."

Ukashika.

Barasa, nilikuwa nimeona ile balbu ikiwaka kwa macho yangu. Nilijua kioo chenye moto kingepitisha stima hadi kwenye chuma. Sijui kwa nini nilisema vile.

Siku ya mazishi, kwenu Malakisi, mama yako aliniuliza ulisema nini mwisho. Nikamwambia hukusema kitu.

Huku Kitale nimerudia jaribio lako kwa betri na mita, si stima ya ukutani. Kioo cha kawaida, sindano inasogea mapema. Kile cha maabara, chenye boroni na magadi kidogo, kinachelewa. Kile chenye madini ya risasi, nilichokitoa ndani ya balbu iliyoungua, kinakataa zaidi. Kumbe kinachoamua ni kile kilichotiwa ndani, kama ulivyosema. Wanafunzi wanapiga makofi. Mimi natazama mlango, nikingoja uingie.

Jumamosi nilienda Malakisi. Nikamwambia mama yote, hata yale maneno yangu. Aliweka kikombe cha chai chini. Kisha akasema, "Miaka yote hii nilidhani ni yeye alikosea. Nimemkasirikia mtoto wangu akiwa kaburini." Akasimama. "Enda sasa, Nasimiyu. Lakini urudi."

Nitarudi, Barasa, hata kama atabadilisha mawazo anifukuze. Pumzika, mwalimu mwenzangu. Hukukosea. Nitalisema hilo mbele ya yeyote atakayeuliza, na mbele ya wasiouliza pia.

Nasimiyu