Kilichoniangusha Kaburini kwa Mama

Kwa dada yangu Mwanasha,

Asalaam aleikum. Naanza na wewe kabla ya habari zangu. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea umeitumia, au umeifungia kabatini kama vikombe vya wageni? Na vidonge vya presha je, bado unameza siku unayojisikia vibaya tu? Nijibu kweli, maana wewe ukisema "sijambo" mtu hajui kama ni salamu au ni ugonjwa.

Mimi niko Riadh, nala, naswali, alhamdulillahi. Sikukupigia simu kwa sababu simu yako huiweka sauti kubwa na nyumba nzima ikasikiliza. Jambo hili nataka ulisome peke yako kwanza. Nimempa barua mtu wa kwetu anayerudi likizo.

Dada, wale watu wa pensheni ya jeshi wamenijibu. Sikio la kushoto walilikubali tangu zamani, wanajua liliharibiwa na lile bomu la barabarani. Kizunguzungu ndicho walichokikataa. Wanasema hakitokani na sikio, kimenianzia huku Arabuni kwa joto na umri. Wanashikilia kwamba kabla ya kusafiri nilipimwa nikaandikiwa niko fiti. Unakumbuka nilivyokuja na ile karatasi nikicheka, ukanipikia pilau? Walipima damu, kifua na macho. Hakuna aliyeniambia niiname. Tena wanasema hayupo mtu aliyeniona nikianguka kabla sijatoka Kenya. Nimeruhusiwa kukata rufaa, lakini mlango huo hautakaa wazi siku nyingi.

Sasa nikueleze kitu ambacho sijamwambia mtu wa nyumbani. Magari ya huku usukani uko kushoto. Kwa hiyo upande wa sikio langu bovu hakuna kiti cha mtu, kuna mlango na kioo tu, na nje ni barabara. Lakini huko ndiko alikokuwa akisemea Mutua. Ni yule Mkamba niliyekuwa naye kwenye lori, aliyekuja kwetu akala mkate wa sinia mzima, ukamuuliza kama jeshini hawapewi chakula. Siku ile ya bomu, mimi nikiendesha, alikaa kushoto kwangu, kama ilivyo kwa magari ya kwetu.

Sikio lilikuwa linaanza kuvuma kama maji yanayokaribia kuchemka. Kisha namsikia: "Punguza, Mswahili, punguza. Umebeba watu, hujabeba nazi." Ndiyo maneno aliyoniambia siku ile. Nikapunguza, na bomu likalipuka upande wake. Mpaka leo sijui kama kule kupunguza ndiko kulikoniokoa mimi au ndiko kulikomuua yeye. Namuuliza Mungu kila baada ya swala.

Kila nilipomsikia, kizunguzungu kilimfuata nyuma. Basi nilikuwa nikimtii. Naweka gari pembeni, nashika usukani mpaka dunia itulie. Watoto wa bosi, niliokuwa nawaendesha, walidhani nasikiliza injini.

Likizo ya shule familia ilikwenda Jeddah kwa ndege, mimi nikapeleka gari. Asubuhi moja nilikuwa nampeleka mama yake bosi Balad, kwenye mji wa kale, anunue udi. Sisi wafanyakazi tunamwita Hajja. Karibu na soko sikio likavuma, Mutua akasema, nikasimamisha gari.

"Mbona umesimama?" Hajja akaniuliza kwa Kiarabu.

"Samahani, Hajja. Dakika moja tu."

"Ulikuwa unasema na nani?"

"Sikusema na mtu."

"Mimi ni mzee, si kiziwi. Umesema 'sawa, Mutua.' Mutua ndiye mimi?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikamwambia ni rafiki yangu, alikufa vitani. Akasoma Ayatul Kursi kwa sauti ndogo, akanipulizia kisogoni kutoka kiti cha nyuma, vile vile alivyokuwa akifanya Mama. Kisha akasema, "Maiti huombewa dua. Sikio hupelekwa kwa daktari. Funga gari, yalla, tupande teksi. Udi hautaoza."

Tukaenda mtaa wa Baghdadiyah, kwa daktari mmoja Msudani. Alinikalisha kitandani, akanilaza ghafla kichwa kikining'inia ukingoni, akakigeuza kushoto. Dada, dari ilizunguka na nikanusa udongo. Wallahi, mle ndani mna baridi ya mashine na harufu ya dawa, mimi nilinusa udongo mbichi. Nilikuwa nimerudi kaburini kwa Mama.

Maana ndivyo ilivyokuwa siku ya maziko. Niliposhuka kumpokea, nikainama kumlaza mwanandani, ubavuni mwa kaburi, nikageuza kichwa kushoto nifungue kamba za sanda. Nikasikia "punguza." Baada ya hapo sikujua tena juu wala chini. Hamisi mtoto wa Ami ndiye aliyenivuta nisimwangukie Mama. Nyinyi wanawake mliniona naletwa nyumbani nimeshikwa makwapa, uso umejaa mchanga.

Na Shangazi Mwanamisi akasema mbele ya watu, matanga hayajaisha, kwamba ardhi imenikataa, kwa sababu Mama hakunipa radhi ya kwenda jeshini. Wewe ukamfunga mdomo. Ukasema, "Amezimia kwa uchungu, kwani yeye si mwana?" Watu wakalia upya na maneno yakaisha. Sijawahi kukushukuru kwa hilo, nakushukuru leo.

Lakini daktari alipomaliza aliniambia, "Kizunguzungu hiki kimetoka kwenye sikio lile lile, na nitaandika hivyo. Ila mimi nimekuona leo tu. Aliyekuona kabla hujaja huku ni nani?"

Nikataja jina lako.

Kwa sababu uliniona. Kabla Mama hajaugua uliniona nikitawadha uani, nikainama kuosha miguu, nikaanguka juu ya ndoo. Uliniona nimekumbatia mwimo wa mlango wa jikoni, natapika. Ukasema ni malaria, ukanichemshia tangawizi. Hayo ndiyo nataka uyaseme kwa kiapo mbele ya wakili pale Kwale. Na Hamisi aseme aliyoyaona kaburini. Lakini Hamisi anaamini nilizimia kwa uchungu, na akiulizwa atajibu hivyo hivyo, na rufaa itakufa hapo. Kwa hiyo itabidi wewe mwenyewe umwambie kuwa maneno yale uliyasema kunisitiri.

Najua ninachokuomba. Yatamfikia Shangazi, na atasema "sikuwaambia?" Wengine watasema kumbe hata kumlilia mama yake hakumlilia. Wewe waambie uchungu ulikuwepo, na bado upo, ila si uchungu ulioniangusha. Kuhusu radhi, Mama alinishika mkono siku mbili kabla ya kufa na akaniombea. Ulikuwa mlangoni na uji. Ulisikia.

Nimeacha kuendesha. Tuliporudi Riadh nilimwendea bosi nikamwambia, "Baba, tafuta dereva mwingine. Mimi naanguka."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujanijua."

Nadhani aliwafikiria watoto wake. Akanyoosha mkono nikampa funguo. "Halas," akasema, yaani basi. Nilidhani nitapandishwa ndege siku hiyo hiyo. Huenda Hajja alimsemesha, maana ameniweka getini mpaka ikama yangu, kile kibali cha kukaa huku, iishe, ndipo nirudi. Nitarudi mtu asiyeweza kushika usukani wala kupanda mnazi. Ndiyo maana nahangaika na rufaa hii. Naswali kwenye kiti. Nchi hii aliyozaliwa Mtume, na paji langu la uso haligusi chini.

La mwisho ni hili. Tangu nirudishe funguo, Mutua hajasema. Sikio linavuma, halina mtu ndani. Jana baada ya adhuhuri niliingia kwenye gari limeegeshwa, nikakaa pale kwa dereva, nikaweka sikio la kushoto kwenye kioo. Nilingoja mpaka dereva mpya, Mbangali, akaja kugonga akidhani nimezidiwa na joto. Kizunguzungu bado kinakuja, dada, lakini sasa kinakuja bila kupiga hodi. Usimtaje Mutua kwenye kiapo, watasema ugonjwa wangu ni wa akili. Mtaje kwenye dua.

Nisalimie shemeji Juma mume wako, na Hamisi ndugu yetu, umwambie mkono wake ule sijausahau. Shangazi naye msalimie kwa heshima zote, ni dada ya baba yetu. Ukipita makaburini, mwombee Mama kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Bakari

Ukishaisoma, nijibu upesi uniambie kama utakwenda kwa wakili au hutakwenda. Hata ikiwa hapana, nijibu.